Isikilize Kabla Hujaichomeka Waya

Mpwa wangu, picha tatu ulizonitumia juzi nimezitazama mara nyingi kuliko unavyodhani. Nilizitazama baada ya Isha, nikazirudia alfajiri usingizi uliponikimbia. Nimechoka, sikufichi. Magoti hayataki tena ngazi za nyumba hii, na sikio la kushoto halisikii vizuri kama zamani. Lakini jambo hili siwezi kuliacha lipite. Fedha ulizonazo ni za miaka miwili ya kuwafundisha watoto wa watu fidla, saa baada ya saa, na mimi nimeshaona fedha za jasho kama hilo zikiishia kwenye ala iliyotundikwa ukutani kwa sababu haipigiki.

Mandolini ya kwanza ni nyekundu inayong'aa, begani ina mbao iliyojikunja kama konokono, ina vifundo vya sauti na tundu la waya ubavuni. Ya pili ni ya kahawia, umbo lake kama tone la maji, haina kifundo wala tundu la waya. Ya tatu ni nyembamba kama gita la umeme. Zote bei yake inazunguka dola 450 hadi 700. Ninajua moyo wako umelala wapi, maana ile nyekundu umenitumia mara mbili.

Keti, mwanangu. Sikuiti kukukaripia.

Tuanze na huyo konokono. Mandolini za zamani za Napoli, za akina Vinaccia na mafundi wenzao wa karne ya 18, zilikuwa na mgongo wa bakuli uliounganishwa kwa vipande vyembamba vya mbao, kama mgongo wa udi ninaoupiga mimi. Ni jamaa wa ukoo mmoja. Kisha huko Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Marekani, akatokea fundi Orville Gibson aliyeamua kuichonga mandolini kama fidla inavyochongwa, uso na mgongo vikiwa na mbinuko wa kisu na patasi. Alipata hataza yake mwaka 1898. Kampuni iliyobeba jina lake ikatoa maumbo mawili makubwa: A, ambalo ni lile tone la maji, na F, lenye konokono na ncha. Kati ya 1922 na 1924, chini ya Lloyd Loar, zikatoka F-5 zenye matundu ya herufi f kama ya fidla, na mojawapo ya mwaka 1923 ndiyo aliyoipiga Bill Monroe mpaka dunia nzima ya muziki wake ikataka kufanana naye. Konokono akapata heshima kutoka hapo.

Lakini konokono haimbi. Kumchonga na kumpaka rangi kunakula siku nyingi za fundi, na siku hizo unazilipa wewe. Ukiwa na dola 600, ukanunua F, sehemu kubwa ya fedha imekwenda begani. Ukinunua A kwa dola zilezile, fedha imekwenda kwenye uso wa mbao, mahali sauti inapozaliwa. Katika daraja hili la bei, kila nilipoziweka mbili sambamba, A imeishinda F. Wenye fedha nyingi wana nafasi ya kununua vyote viwili. Wewe na mimi hatumo.

Sasa nikueleze kwa nini linaniuma. Nilipokuwa na umri wa kama wako na kidogo juu, niliuza baiskeli na saa ya marehemu baba nikanunua mandolini ya umeme dukani, mbali na hapa. Iling'aa mno. Muuzaji aliichomeka kwenye amplifaya kubwa, akazungusha vifundo, duka zima likajaa sauti, na mimi nikalipa bila hata kuchomoa waya. Nilipofika nyumbani, umeme umekatika, nikaipiga kavu kwenye mwanga wa kandili. Mwanangu, ilikuwa kama kupiga sanduku la chai. Hakukuwa na kitu ndani yake. Ile sauti yote ilikuwa ya amplifaya ya yule bwana.

Nikajitia moyo kwamba jukwaani waya utaisaidia. Arusi ya kwanza niliyokwenda nayo, fundi wa sauti aliichomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Ikatoka nyembamba, kali, kama uzi wa chuma juu ya kopo. Akaongeza sauti, spika zikaanza kupiga mluzi. Kina mama waliokaa mbele wakaziba masikio, bibi arusi akainamisha uso, na kiongozi wetu, mzee mpole ambaye hakuwahi kumwambia mtu neno baya, akaniashiria kwa kiganja niiweke chini. Niliiweka chini. Nikakaa nyimbo nne mikono mapajani mbele ya watu wote. Hadi leo nikipita mtaa ule ninaongeza mwendo.

Kwa hiyo neno langu kwako ni hili, na mengine yote ni matawi yake: nunua mandolini inayosikika vizuri bila waya. Waya unabeba sauti iliyopo kwenda mbali, hauwezi kuizaa. Na kifaa cha kuchukulia sauti unaweza kukitia baadaye kwenye mandolini njema, lakini mandolini mbovu huwezi kuitia uso mpya.

Utaijuaje njema? Uliza swali moja kwanza: uso wake ni wa mbao nzima au wa plaiwudi? Tangazo likikwepa swali hilo, umeshajibiwa. Ala ikiwa mkononi, washa tochi ya simu utazame ukingo wa tundu la herufi f. Mbao nzima utaona mistari ya mti inashuka kutoka juu hadi chini ya ukingo bila kukatika. Plaiwudi utaona matabaka, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Uso mzuri ni wa sprusi, ule mti wa nchi za baridi ulio jamaa wa misonobari. Mgongo na mbavu kwa kawaida ni mepuli. Halafu kuna mbao nzima iliyochongwa, na mbao nzima iliyopashwa moto ikakandamizwa hadi ikabinuka. Ya kuchongwa kwa kawaida ndiyo bora, ingawa sijakataa kabisa ya kukandamizwa. Ninachokataa ni plaiwudi kwa bei ya mbao nzima.

Kuna viwanda vya Uchina leo vinavyofanya kazi ya kuheshimika, usiwasikilize wanaodharau jina la nchi. Eastman na Kentucky wanatoa umbo la A la mbao nzima kwa fedha ambazo mtu wa kipato chetu anaweza kuzikusanya. Hiyo picha yako ya pili, ile ya kahawia uliyoiona maskini, ni ya jamii hiyo. Nimeikuza kwenye simu hadi nikaona mistari ya mti. Ile ya tatu, nyembamba, ni chombo halali kwa mpiga bendi anayesimama mbele ya ngoma na spika kubwa kila usiku, kwa sababu mwili wake haurukiruki na sauti za wengine. Kwako wewe unayekaa kwenye kiti kati ya kanuni na akordiani, ungekuwa umenunua gita dogo.

Sasa shingo. Ishike mandolini kama mtu anayelenga bunduki, tazama kutoka mwilini kuelekea kichwani. Shingo iwe imenyooka, au ina bonde dogo sana. Ikiwa imepinda kama upinde, au imejisokota upande, irudishe. Uliza kama ndani ina fimbo ya chuma ya kuinyooshea. Nyingi za bei hii zinayo, lakini uliza. Usisahau kwamba nyuzi nane zikishakazwa, mvuto wake kwa pamoja unakaribia kilo 80 kwa seti ya unene wa kati. Mtu mzima ananing'inia kwenye kile kishingo chembamba mchana na usiku, na sehemu ya mvuto huo inashuka kupitia darajani na kuukandamiza uso. Ndiyo maana uso mbovu huzama. Pitisha macho kwa ubavu: ukiona bonde chini ya daraja, huyo ni mgonjwa.

Daraja lenyewe halikugundishwa. Hapa wapiga gita hupotea, lakini wewe mpiga fidla utaelewa mara moja, kwa kuwa la fidla nalo limesimama kwa mkazo wa nyuzi tu. Linasogea. Likisogea, ala yote inaongopa. Usiihukumu mandolini kwamba haina sauti sahihi kabla hujapima hili. Gusa uzi juu ya fureti ya 12 bila kuukandamiza, upige, usikie ile sauti ya kengele. Kisha ukandamize hapohapo, upige tena. Zikiwa sawa, daraja liko mahali pake. Ya kukandamiza ikiwa juu, sogeza daraja nyuma kidogo, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele kidogo. Nimewahi kuletewa ala tatu kwa mwezi mmoja na vijana waliotaka kuziuza kwa hasara, na dawa ya mbili kati ya hizo ilikuwa kusogeza daraja unene wa kucha. Nyayo za daraja nazo zikae sawasawa na mbinuko wa uso, karatasi isipite chini yake. Fundi huweka msasa juu ya uso, akalisugua daraja juu yake mpaka litulie. Kazi ya nusu saa, na sauti inafunguka kama dirisha.

Urefu wa nyuzi juu ya fureti ya 12 usizidi milimita 2. Ukizidi, vidole vitatoka damu, na wewe utadhani hujui kupiga. Mandolini nyingi hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno na ile mifuo ya kile kipande cha mfupa kilicho mwanzo wa shingo ikiwa haijachimbwa vya kutosha. Hilo si kosa la kurudishia ala. Ni kazi ya fundi, na fedha yake uitenge kabla, usije kuitafuta baada.

Nimerefusha hapa makusudi. Vijana mnauliza jina la kampuni na idadi ya vifundo, hamuulizi daraja limekaaje.

Tuje kwenye umeme, nao una akili yake. Kuna njia mbili za kawaida. Moja ni ile ya sumaku, kama ya gita la umeme, inayokaa mwisho wa shingo. Inasikia chuma cha uzi, haisikii mbao. Inavumilia kelele za jukwaa na haipigi mluzi haraka, lakini mandolini inageuka gita, na nyuzi zilizovikwa shaba nyeupe au ya fosfa zinasikika dhaifu kwake. Itakubidi utafute zilizovikwa nikeli. Njia ya pili ni ile ya vijiwe vya piezo, vinavyotoa umeme kidogo sana vikitikiswa au kubanwa. Vingine hugandishwa ndani chini ya uso, kama vile vya K&K, vingine vimejengwa ndani ya daraja lenyewe, kama vya Fishman. Hivi vinasikia mbao. Kwa muziki wetu ningechukua hivi bila kufikiri mara mbili.

Lakini sikia vizuri, maana aibu yangu ya arusini ilizaliwa hapa na miaka kumi ilipita kabla hajatokea mtu wa kunieleza. Kijiwe cha piezo ni kama mtu mwenye sauti ndogo: anataka msikilizaji atakayemsogelea. Tundu la kawaida la mikisa halimsogelei. Linamla sauti nzito zote, linabakiza ule ukali wa kopo. Kati ya mandolini na mikisa lazima pawepo kisanduku cha kupokea sauti dhaifu na kuikuza, chenye mlango wa angalau megaomu 1. Mafundi wa sauti wengine wanacho, wengi hawana. Nunua chako mwenyewe, kiwe mfukoni mwa begi pamoja na betri ya akiba ya volti 9. Yule fundi wa sauti wa siku ile hakunichukia. Hakuwa na kisanduku, na mimi sikujua kukiomba.

Na mluzi? Unatoka pale uso wa mandolini unaposikia spika na kutikisika, kijiwe kikachukua mtikisiko huo na kuurudisha kwenye spika, mzunguko usiokwisha. Usikae mbele ya spika. Ziba matundu ya herufi f kwa sponji nyepesi siku za jukwaa kubwa. Kwenye kisanduku punguza zile sauti za chini kati. Na ukumbi ukiwa mdogo na watu wametulia, acha waya kabisa, weka maiki shubiri moja na nusu kutoka mwilini, ielekee pale shingo inapokutana na mwili. Hakuna kijiwe kitakachoishinda.

Jambo lingine hutaliona katika tangazo lolote, kwa kuwa wanaotangaza hawakai kisiwani. Ala hizi hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Hapa Unguja tunapita 70 siku nyingi, na masika ni zaidi. Mbao hunywa maji, uso huvimba, nyuzi hupanda juu ya shingo zenyewe bila mtu kuzigusa. Usishtuke, subiri masika yapite, zitashuka. Usichukue msumeno kwa ugonjwa wa msimu. Weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya begi gumu, uvikaushe mara kwa mara. Futa nyuzi kwa kitambaa kila ukimaliza, maana chumvi ya hewa na jasho la mkono huzila kwa wiki mbili. Na usiiache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi hulainika, na zile kilo 80 hazingoji.

Wewe pia una faida ambayo vijana wengine hawana. Mandolini inafungwa sol, re, la, mi, sawasawa na fidla yako, na urefu wa uzi, kama sentimita 35, hauko mbali na wa fidla. Vidole vyako vya kushoto vinajua njia tayari. Mkono wa kulia ndio utakaoanza darasa la kwanza, kwa kuwa risha haikokoti sauti kama upinde; unaitetemesha. Na kuna kitu utakipoteza, nikuambie sasa usije ukalia baadaye. Fureti zimekata njia. Zile robo sauti za maqamu ya rasti na bayati ambazo kidole chako kinazipata kwenye fidla bila kuuliza, mandolini haina mahali pa kuziweka. Nyimbo za ajam na nahawandi utazipiga vizuri. Pale rasti inapoingia, jifunze kunyamaza, umwachie udi na fidla. Kunyamaza mahali pake nako ni kupiga.

Binamu yako wa Maskati amesema atainunua na kuileta. Vyema, lakini mtumie masharti yangu, asinunue kwa picha. Aende dukani kwa miguu yake, amshike muuzaji aipige kavu, akurekodie kwa simu kutoka hatua moja, uzi mmoja mmoja kisha jozi zote. Atazame tundu kwa tochi. Amuulize muuzaji muda wa kurudisha. Kwenye ndege aingie nayo mkononi, nyuzi amezilegeza nusu, asizilegeze zote, kwa kuwa daraja litaanguka na atalipoteza.

Na fedha yako igawe hivi: katika dola 700, mandolini yenyewe isizidi 450. Ukiikosa mpya kwa bei hiyo, chukua iliyotumika, mradi shingo na uso wake vimepita mtihani wangu. Kijiwe na kisanduku vitakula kama 150 ukinunua kwa utulivu. Zinazobaki ni za begi gumu, seti tatu za nyuzi na kazi ya fundi. Ukiniambia 450 ni kidogo na ile nyekundu ni 690, nitakujibu kwamba ile nyekundu itakuacha na ala isiyotengenezwa, isiyo na begi, ikipiga mluzi mbele ya watu, na wewe umekaa mikono mapajani. Sitaki ukae hivyo hata siku moja.

Usilipe chochote kabla ya Jumamosi. Njoo baada ya Alasiri, leta picha ya tundu la ile ya kahawia iliyopigwa kwa tochi, na ulete fidla yako. Nitakushikisha mkono wa kulia kwenye udi wangu uanze kuzoea risha, wakati bado nina pumzi ya kukaa nawe hadi Magharibi.